Krismasi Tuliyomtafuta Bila Kumwita

Binti yangu alikuwa na miaka saba Krismasi ile, na hakuwa amewahi kutamka neno hata moja. Ana usonji. Siku daktari aliponitajia jina hilo kwa mara ya kwanza, mtoto akiwa na miaka mitatu, nilimwomba alirudie, kisha nikaliandika kwenye kiganja kwa kalamu yake kwa sababu sikuwa na karatasi. Nilikaa siku mbili bila kuuosha mkono ule vizuri. Niliogopa nikilisahau jina, nitakuwa nimempoteza mtoto kabisa.

Tulikuwa tunaishi Majengo, mjini Meru, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya bucha. Sisi ni Wakristo. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko Makutano. Mimi ni fundi wa kushona. Nashona sare za shule, na Idi ikikaribia nashona kanzu za majirani. Karakana ya baba yake, mtoto haikaribii hata kidogo. Ile mashine ya kukata chuma ikilia, anaziba masikio na kujiangusha chini. Lakini cherehani yangu anaipenda. Akiwa mdogo alikuwa analala chini ya meza, uso wake karibu na mguu wangu, anautazama unavyokanyaga. Nikiacha kukanyaga, anaushika mguu na kuusukuma. Niendelee.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akizungumza nami: kwa kunitumia. Akitaka maji, anauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya jagi. Akitaka kutoka, anauweka kwenye komeo la mlango. Mkono wangu ulikuwa kijiko chake, ufunguo wake. Kunitazama usoni, hapana. Kuguswa bila yeye kutaka, hapana kabisa. Hata taulo lilikuwa vita. Jambo lililonishangaza tangu mwanzo ni namna alivyoangalia vitu. Angeweza kulitazama tone moja la maji likivimba kwenye mdomo wa mfereji, linaning'inia, linaanguka, jingine linaanza, na asichoke. Wakati mwingine nilichuchumaa kando yake nilione analoliona. Sikuwahi kudumu dakika tano.

Kanisani tuliacha kwenda akiwa na miaka mitano. Kanisa letu lilikuwa Makutano, na lilikuwa na vipaza sauti vikubwa kama makabati. Kila ngoma ilipoanza, mtoto alipiga mayowe, na kila alipopiga mayowe, vichwa viligeuka. Jumapili moja mzee wa kanisa alituinamia, mtu mpole, nampa haki yake, akasema, "Mama, si mngekaa naye hapo nje mpaka ibada iishe? Watu wanataka kusikia neno."

Tukakaa nje. Kulikuwa na jiwe karibu na choo, tukawa tunakaa hapo kila Jumapili, tukisikia mahubiri kupitia ukutani. Kisha Jumapili moja mvua ikanyesha. Mume wangu alinitazama, nikamtazama, tukamfunika mtoto kwa koti, tukashuka Majengo. Hatukurudi. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Aliyeuliza ni mama mwenye nyumba, mjane Mwislamu aliyeachiwa bucha na mumewe. Wiki ya tatu alinikuta nafua nguo asubuhi. "Leo si Jumapili yenu? Mbona mko nyumbani?" Nikamweleza. Alimtazama binti yangu aliyekuwa amekaa karibu na karai akitazama povu. Kisha akasema, "Mtoto huyu hana dhambi, hata ya kuazima. Wamemtoa nje kwa lipi?" Akaingia ndani. Tangu siku ile, alfajiri msikiti ulipoadhini, nilikuwa namwona binti yangu akisimama dirishani ametulia tuli, sauti ile moja haimuumizi, nami nikisali sala zangu nyuma yake kimyakimya. Kwa miaka miwili hilo ndilo lilikuwa kanisa letu.

Mama mkwe wangu anaishi Gachoka, huko Mbeere Kusini. Ni mjane pia, mkulima wa ndengu na kunde, na kiongozi wa akina mama wa kanisa lao. Yeye huongea Kimbeere, mimi Kimeru. Tukikutana, Kiswahili ndicho kinachotupatanisha. Kwa muda mrefu hakikutupatanisha. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, Krismasi, mama mkwe alileta watu watatu wa maombi nyumbani bila kutuambia. Walimshika kichwa wakakemea kwa sauti. Mtoto alimng'ata mmoja wao mpaka damu ikatoka, na yule mtu akasema, "Mnaona? Si yeye huyo." Nilimbeba binti yangu nikaondoka mchana uleule, chakula kikiwa bado mekoni. Krismasi tatu zilizofuata mume wangu alikwenda kwao peke yake.

Mwaka wa nne, mwanzoni mwa Desemba, mama mkwe alinipigia simu mimi. Si mwanawe. Mimi.

"Mama," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita, "nyinyi mkuje."

Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani.

"Hakuna mtu italetwa. Mimi nimeomba miaka minne huyu mtoto abadilike. Saa hii nimechoka kuomba hivyo. Nataka tu kumuona."

Nilisema sawa kabla sijafikiri. Nilipokata simu nilikuta mguu wangu umesimama kwenye cherehani na mtoto anausukuma.

Tulifika Gachoka mchana wa tarehe ishirini na nne kwa gari, probox ya rafiki wa mume wangu. Mvua za vuli zilikuwa zimekuja vizuri mwaka ule. Nchi ile ambayo kwa kawaida ni nyekundu na kavu ilikuwa kijani hadi bondeni. Mama mkwe alikuwa amesimama uani. Hakutukimbilia. Alipiga magoti palepale mchangani, hatua kama kumi kutoka kwa mtoto, akakaa hivyo, mikono mapajani, akimtazama. Binti yangu alimzunguka kwa mbali mara mbili, akaenda kuutazama mtungi wa maji. Bibi yake akafuta macho, akainuka, akaniambia, "Amekuwa mrefu." Basi. Hilo ndilo lilikuwa neno la mapatano, na lilitosha.

Asubuhi ya Krismasi mume wangu alisema, "Nenda kanisani na mama. Mimi nitabaki na mtoto, nitapika mbuzi." Sikutaka. Alinisukuma mgongoni taratibu. "Miaka miwili, nenda ukaimbe."

Kanisa la Gachoka ni la mabati, wakati huo lilikuwa limefungwa mabaluni na utepe, na jenereta ilikuwa inanguruma nyuma kwa ajili ya vipaza sauti. Niliketi benchi la nyuma. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilijikuta nalia, kwa sababu nilikuwa nimesahau jinsi sauti yangu inavyosikika ikiwa kati ya sauti nyingine. Mchungaji ni mzee mwembamba, mkulima kama wengine. Alikuwa amefika pale wachungaji wa kondoo wanapoambiwa habari, ndipo nilipomwona mume wangu mlangoni.

Alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria. Alikuwa amekimbia nacho njia nzima bila kujua.

"Hayupo," alisema. Hakuwa na pumzi. "Nimegeuka kutoa povu kwenye supu. Nimegeuka tu. Lango lilikuwa wazi. Hayupo."

Mzazi wa mtoto kama wangu anajua mahali akili inapokimbilia kwanza. Maji. Watoto wetu maji huwaita. Na chini ya kanisa, kama nusu kilomita, kulikuwa na silanga, lile bwawa la udongo la kunyweshea mifugo, nalo lilikuwa limejaa hadi ukingoni kwa mvua zile. Mama mkwe alinishika kwapani akanisimamisha.

Mchungaji aliifunga Biblia. Alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya mtu anayetangaza kazi ya shambani, "Ibada imehamia nje. Wanaume, silanga. Akina mama, mashamba na vichaka. Watoto wabaki hapa na walimu wao. Huyo mtoto anaitwa nani, tumwite?"

Hapo ndipo nilipopata sauti. "Msimwite," nilisema. "Tafadhali. Mkimwita kwa nguvu atajificha. Kelele inamfukuza. Akisikia watu wengi wanapaza sauti, ataenda mbali zaidi, au ataingia majini."

Watu wakatazamana. Mama mmoja akauliza, "Sasa tutamtafuta aje?"

"Kwa macho," nikasema. "Kwa kunyamaza."

"Na tukimpata, tutaambiana aje?"

Mama mkwe wangu alikuwa tayari amefungua leso yake kiunoni. Aliiinua juu kwa mikono miwili. "Hivi," akasema. "Mwenye ameona, ainue leso. Mwenye ameona leso, ainue yake. Wanaume wainue makoti."

Mtu akaenda akaizima jenereta.

Sijui kama nitaweza kueleza kilichofuata. Nimejaribu mara nyingi, hata kwa mume wangu ambaye alikuwepo. Kanisa zima, watu wa Krismasi na nguo zao za Krismasi, wazee kwa suti, wasichana kwa viatu vya kisigino, walitoka kwenye lile jengo na kusambaa mlimani bila sauti hata moja. Mbeere haijawahi kunyamaza vile mchana. Nilisikia ndengu zikigusa nguo. Nilisikia nyuki. Kila nilipotazama kulikuwa na mtu ameinama, anasogeza majani kwa mkono, anachungulia chini ya kichaka, anafungua mlango wa ghala la mtu taratibu kama anayeingia chumba cha mgonjwa. Watu ambao hawakuwahi kumwona binti yangu. Wengine, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wamesikia tu kwamba mwanamke mmoja wa Meru ana mtoto mwenye pepo.

Nilipofika ukingoni mwa silanga, wanaume walikuwa wameshaingia. Walikuwa wameshikana mikono wakafanya mstari kutoka ukingo hadi ukingo, suruali zao za Krismasi na tai, wanapapasa matope kwa miguu, hatua moja, wanasimama, hatua nyingine. Hakuna aliyesema neno. Mume wangu alikuwa katikati, maji yamemfika kifuani, naye hajui kuogelea. Upande wake wa kushoto alikuwa mchungaji. Upande wa kulia alikuwa mzee mmoja wa makamo, mnene, kofia bado kichwani. Nilisimama pale nikiwatazama wakisogea, na nikaomba maombi ambayo sijawahi kuomba tena. Sikuomba apatikane. Nilisema, Mungu, usimwache awe hapa.

Nusu ya mstari ilikuwa imepita pale penye kina, ndipo mzee yule mnene alipoinua kichwa. Aliangalia juu ya bega langu. Alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Akauvuta mkono wake kutoka kwa mume wangu, akavua koti lake lililolowa na kuliinua juu ya kichwa, maji yakimtiririkia usoni.

Niligeuka. Mlimani, juu kabisa, karibu na boma la ajuza mmoja anayeishi peke yake, kulikuwa na leso nyekundu hewani. Chini yake kidogo, ya manjano. Kisha ya bluu. Kisha zikawa nyingi, zinashuka mlima kutoka shamba hadi shamba, mwanamke mmoja baada ya mwingine akinyoosha mikono, na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele. Wanawake wa Mbeere, ambao furaha kwao haijakamilika bila vigelegele, walivimeza vigelegele vyao. Mmoja niliyempita njiani nikikimbia alikuwa amejiziba mdomo kwa kona ya leso yake, mabega yanatetemeka.

Mama mkwe ndiye aliyempata. Alikuwa amesimama mbele ya banda la mbuzi, mkono mmoja juu na leso, mwingine umeninyooshea kiganja: polepole. Nikapunguza mwendo. Aliniambia sikioni, "Usimguse. Angalia kwanza."

Ndani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya majani na damu. Binti yangu alikuwa amelala ubavu juu ya majani, kama alivyokuwa akilala chini ya meza yangu, na mbele ya uso wake kulikuwa na mbuzi jike aliyekuwa akizaa. Mwanambuzi wa kwanza alikuwa ameshatoka, amelowa, masikio yamegandamana kichwani. Mama yake alikuwa anamlamba. Kisha, nikitazama, aliacha kumlamba mwanawe, akasogeza shingo na kuulamba mkono wa binti yangu, kutoka kifundoni hadi kiwiko, kwa ulimi ule mkavu wenye kukwaruza. Mtoto ambaye kwake taulo lilikuwa vita. Hakuuondoa mkono. Alikuwa ananguruma kidogo kooni, sauti moja, ya chini, haipandi wala haishuki.

Ajuza mwenye mbuzi alikuwa amekaa kwenye pembe, miguu imekunjwa. "Huyu mbuzi ni mkali," alininong'oneza. "Mimi mwenyewe akizaa hataki nikaribie. Nilitoka kuleta maji nikarudi, nikamkuta mtoto hapo. Nikaogopa kusonga."

Niliketi mlangoni. Nyuma yangu nilisikia mume wangu anafika, maji yakidondoka kutoka kwenye nguo zake, kisha mchungaji, kisha wengine, na kila aliyefika aliinama akachungulia na kumpisha mwingine. Hakuna aliyeongea. Mbuzi alikakamaa, akatoa mlio mfupi, na mwanambuzi wa pili akaanza kutoka, kwato mbili ndogo za manjano kwanza, kisha pua. Binti yangu hakupepesa macho. Nilimtazama yeye, si mbuzi, na kwa mara ya kwanza nilidumu. Nilimtazama hadi mwanambuzi alipoanguka kwenye majani na kutikisa kichwa.

Ndipo aliponyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Aliutafuta mkono wangu hewani hadi akaupata. Niliangalia kuna nini cha kufungua, kuna nini anachotaka nimpe. Hakukuwa na kitu. Alinivuta karibu, akakiweka kiganja changu juu ya mbavu za yule mwanambuzi mdogo, na kuweka mkono wake juu ya wangu. Chini ya kiganja changu, katika unyevu ule wa joto, moyo ulikuwa unapiga mbio mno, kama cherehani.

Kisha akanitazama. Machoni. Haikuwa muda mrefu, pengine nilivuta pumzi mbili. Aliangalia kama nimesikia.

"Nimesikia," nilimwambia. "Nimesikia, mama."

Kwa miaka saba alikuwa ameutumia mkono wangu kuchukua. Siku ile aliutumia kunipa. Sijui kama kuna mtu mwingine pale aliyeelewa hilo, ila mume wangu, ambaye alikaa chini kwenye matope yake mwenyewe akalia bila sauti, na mama mkwe wangu, ambaye alivua viatu vyake mlangoni. Sikumwuliza kwa nini. Alivivua tu akaviweka pembeni, akasimama miguu mitupu.

Nikageuka nimwambie mchungaji tuwashukuru watu warudi kanisani. Alitikisa kichwa. Suruali yake ilikuwa matope hadi mapajani. Alitoka nje, akawaashiria watu waketi, nao wakaketi pale uani kwa ajuza, kwenye nyasi, kwenye mawe, kwenye leso zilezile. Akamaliza kusoma pale alipokuwa ameachia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye. Wakaimba wimbo mmoja. Waliuimba kwa kunong'ona karibu, watu wengi hivyo, na nilikuwa ndani ya banda na binti yangu, na yeye hakuziba masikio. Aliendelea na ile sauti yake moja. Haikulingana na wimbo wao. Lakini haikuacha, na wao hawakuacha.

Mchana tulikula pamoja kwa mama mkwe, maana baada ya hayo nani angekwenda kwake? Sufuria ya mbuzi wetu ilikuwa imeungua chini. Watu waliila hivyohivyo, na chapati zilitoka nyumba zote za karibu. Wanaume walikuwa wameanika makoti kwenye ua. Yule mzee mnene wa silanga alikaa karibu na jiko akikausha suruali, hakula sana. Jua lilipoanza kulegea alinikaribia, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "mtoto wako alizaliwa hivyo?"

"Ndiyo, baba."

Alizungusha kofia yake. "Na mimi ninaye," akasema.

Mama mkwe alikuwa anakusanya sahani. Alisimama. Wamekuwa majirani maisha yao yote, wameketi kanisa moja, na mabinti wa yule mzee anawajua wote kwa majina, wote wanne.

"Uko na nani?" akamwuliza.

"Wa tano," akasema mzee. "Wa mwisho. Tuliwaambia alikufa akiwa mchanga. Hakufa. Hatembei, na shingo haishiki vizuri. Ana miaka ishirini na mbili. Mama yake ndiye alikuwa anabaki naye kila Jumapili. Mnajua kila mara tulisema ana miguu mbaya. Miguu yake ni mizima."

Niliogopa atakachosema mama mkwe wangu. Miaka minne awali ningejua. Aliziweka sahani chini, akajifunga leso upya, akasema, "Kesho asubuhi nakuja kumsalimia. Mwambie mama yake aweke chai." Kisha, kama mtu aliyekumbuka, "Na mimi kuna watu nilileta kwa huyu mtoto wangu, wakamshika kichwa. Mungu anisamehe. Wewe sikuletei mtu."

Tulikwenda naye kesho yake. Msichana alikuwa amelazwa kwenye kitanda karibu na dirisha la nyuma, lile lisiloelekea barabara, msafi kabisa, nywele zimesukwa mistari myembamba. Mama yake alikuwa amezisuka kila wiki kwa miaka ishirini na mbili kwa ajili ya macho ambayo hayakuja. Tulipoingia alitucheka, kicheko kikubwa, cha koo zima, mwili wote ukikunjamana. Nilitoa futi yangu ya kupimia mfukoni nikampima mabega na kiuno, nikamwambia mama yake nitamtumia gauni lenye kufunguka mgongoni, ili asiumie akivalishwa. Mama yule alinishika mikono yote miwili.

Ningependa kusema mambo yalikuwa rahisi baada ya hapo. Tulirudi Majengo, na wiki ileile binti yangu aling'ata shati langu likachanika, akakosa usingizi siku tatu. Mpaka leo hajasema neno. Hata kunitazama machoni ni kwa nadra, na hakuji kwa sababu mimi nataka. Kanisa la Makutano hatujarudi. Lakini kila mwezi, Jumapili moja, tunashuka Gachoka, na Jumapili hiyo jenereta haiwashwi.

Krismasi iliyofuata ibada ilifanyiwa nje, kwenye kivuli cha kanisa. Zilikuwa zimetokea familia nyingine tatu. Mwanamke mmoja alitoka mbali, ng'ambo ya mto, na pacha wawili wasiosikia. Mwingine alikuja na mtoto aliyekuwa amemfunga mgongoni ingawa miguu ya mtoto ilikuwa inakaribia kugusa ardhi. Walikaa nyuma kabisa, kama tulivyokuwa tumezoea sote, mpaka mama mkwe akaenda akaivuta mikeka yao mbele, na wao wenyewe juu yake.

Yule mzee alichelewa. Tulikuwa tumeanza sala ndipo nikafungua jicho moja na kumwona anapanda njia, ana suti mpya, na binti yake mgongoni. Mkewe alikuwa nyuma ameushika ule mgongo wa msichana usiinamie upande. Gauni lilimkaa vizuri. Nililishona la manjano. Watu walifumbua macho mmoja mmoja. Hawakujua watazame wapi, watazame chini au wamtazame, na nikaona uso wa mzee unaanza kujifunga kama mlango.

Hapo msichana akacheka. Katikati ya sala, kile kicheko chake cha koo zima, kikagonga ukuta wa mabati na kurudi. Mzee akasimama pale alipo, amejiinamia. Mchungaji aliacha kuomba. Hakuharakisha, hakukohoa, hakumtazama mtu kwa kumtaka afanye lolote. Alisubiri kwa mikono iliyo wazi, macho yamefumbwa, mpaka kicheko kilipofika mwisho wake chenyewe. Kisha akasema, "Amina," na sisi sote, kanisa zima, tukaitikia kama watu walioombewa.